Hina ya Mjane

Siku daktari aliponiambia nina kansa ya damu, nilipitia soko la Konyokonyo nikanunua hina.

Viganja vyangu vilikuwa vimepauka kama unga wa muhogo, na usiku huohuo mjukuu wangu Poni alikuwa apande basi kwenda Kampala kusomea uuguzi. Akiviona, haendi. Namjua. Ana kichwa kigumu kama changu, ila changu kina mvi.

Basi nikajipaka, mjane wa miaka sabini, viganja na kucha, kama biarusi.

Jioni Poni alikuja kuniaga, akaniona, akaangua kicheko.

"Haboba, bibi yangu! Hina? Bwana harusi ni nani?"

"Utamwona akifika. Bado anaswaga ng'ombe wa mahari."

"Ana meno?"

"Mawili. Kwani nataka anitafune?"

Alicheka mpaka machozi, akanishika mikono, akanusa ile hina. Mikono yangu ilikuwa baridi. Akaiachia, akanitazama machoni.

Watoto wote wa uani kwetu niliwapima upungufu wa damu mimi, kwa kutazama weupe wa viganja kwanza, halafu macho, na Poni ndiye aliyekuwa akinishikia vichwa vyao.

"Tazama juu, Haboba."

"Juu kuna nini? Bati tu."

Aliweka kidole gumba chini ya jicho langu, akaivuta ngozi taratibu, kama anayemenya yai la moto. Akatazama sana. Mimi nilitafuta mzaha, nikaukosa.

Kisha akakaa kitandani kwangu, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya safari.