Alama Ndani ya Mfuniko

Saa ya dhahabu ya hakimu ilikuwa inakimbia dakika ishirini kwa siku. Zubeda aliifungua, akaweka lenzi jichoni na kuona kosa papo hapo: tone la mafuta lilikuwa limedondokea springi inayoongoza mwendo wa saa, nyembamba kama unywele, na mizunguko yake ikashikana.

“Nani aliitengeneza mara ya mwisho?” Bwana Shamte, mwenye duka, aliuliza kutoka kaunta. “Huyo leo ananiachia meza yangu.”

Kila fundi wa duka hilo huchora kwa sindano herufi za jina lake ndani ya mfuniko wa saa aliyoitengeneza. Zubeda alizitambua zilizokuwa humo. Kwenye meza ya pili, Mzee Kibwana, aliyemfundisha kazi, alijiinamia.

“Mwanangu,” alinong’ona, “msasa kidogo tu, zinafutika.”

Msasa ulikuwepo. Lakini hii ilikuwa saa ya tatu kuharibika mikononi mwake mwezi huo.

“Ni za Mzee Kibwana,” Zubeda akasema.

“Mikono yangu mizima, haitetemeki!” mzee alifoka. “Njooni muitazame!”

Akainyoosha hewani, vidole wazi. Bwana Shamte akaja kusimama mbele yake. Zubeda akaisogeza taa karibu.