Harufu ya Chumba cha Baba

Mkwe alilibana shuka kwa ncha za vidole viwili, akalishika mbali na pua kama aliyebeba panya mfu. Matundu tena. Madogo, mengi, yote upande ule unaoning'inia karibu na sakafu.

"Baba, umeanza tena kuvuta sigara kitandani?"

"Sijagusa sigara tangu mama yenu afariki," mzee alijibu. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoka maji. Akakohoa.

Mkwe akatoka nje kabla hajatapika. Chumba kilinuka mayai viza, harufu nzito inayoganda kooni, inayokufuata hadi kwenye sahani. Alikuwa ameshamwogesha mzee, ameshabadilisha godoro, amesugua sakafu kwa dawa mpaka mikono ikachubuka. Kukipambazuka, uvundo uko palepale.

"Si mimi, mwanangu," mzee alizoea kusema. "Usiku kuna kitu kinatokota humu."

"Kinatokota! Labda tumbo lako, Baba."

Mumewe, dereva wa teksi, ndiye peke yake asiyeona kinyaa. Kila jioni aliingia chumbani kwa baba yake, na alfajiri akaingia tena kabla ya kwenda kazini. Kwa hilo mkewe alimsifu. Kwa mengine alikuwa mvivu wa kutupwa: fundi umeme alishachoka kumwambia alete gari, kuna waya unaonyonya chaji usiku kucha.

"Mwache fundi aseme," alijibu. "Nina dawa yangu."

Siku binti yao alipokataa kula meza moja na babu yake, mkwe alikata shauri.

"Ama yeye, ama mimi. Kuna nyumba ya kutunzia wazee. Huko wanajua kusafisha watu."

Dereva aliinama akafunga kamba za viatu vyake. "Basi Jumapili," alisema.

Jumapili mzee alivalishwa shati lililopigwa pasi, akaketishwa kiti cha nyuma na kifurushi chake mapajani. Hakuuliza wanakwenda wapi. Mkwe aliketi mbele, akafunga mlango na kuziba pua kwa mtandio.

Dereva akazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

"Aa! Mawazo haya," alisema, akajipiga kwenye paji la uso, akarudi ndani mbio.

Waliobaki garini walikuwa wawili. Mkwe akashusha mtandio kidogo, akanusa. Akageuka, akamwinamia mzee mpaka karibu na kola.

Sabuni tu.

Ndipo uvundo ulipomfikia, kutoka mlangoni mwa nyumba. Mumewe alikuwa anakuja amekumbatia betri ya gari, iliyokesha ikichajiwa mvunguni mwa kitanda cha baba yake. Aliishika kwa kitambaa kilichojaa matundu madogo, na asidi ndani ya betri ilikuwa bado inatokota.

Mzee akatega sikio.

"Unasikia, mwanangu?" alisema. "Ndicho hicho."