Philomena na Muhula wa Kiangazi

Kidole gumba cha Philomena, kimejaa unga wa chapati, kilisimama juu ya simu. Chuo kilishamkubali kusoma shahada ya uzamili, sasa kilitaka jibu lake: aanze Mei, muhula wa kiangazi, au asubiri Septemba?

Kwa mtu aliyetoka kupigwa na baridi ya Toronto miezi yote ile, kujifungia darasani jua likiwaka ni kumkufuru Mungu. Septemba, basi. Kidole kikaanza kushuka.

"Mama kapata viza!" mumewe alipiga kelele kutoka sebuleni. "Anatua Mei!"

Kidole kikaganda hewani.

Alimpenda mama mkwe wake, tena sana mama huyo akiwa kwake Mwanza. Lakini yule mama akiingia nyumbani kwa mtu, sufuria zinahamishwa, mchuzi unaongezwa maji, na mapazia yanafuliwa yangali safi. Ila mwanafunzi anashinda maktaba, na hakuna wa kumlaumu.

Akabonyeza Mei. Unga ukabaki kwenye kioo, doa jeupe kama muhuri.

"Mwambie mama shule imenibana," alisema kwa huzuni ya kujitengenezea. "Hata kukaa naye sitapata nafasi."

Mumewe akaingia jikoni na simu yake. Uso wa mama mkwe ulikuwa umejaa kioo kizima.

"Hongera, mwanangu! Mimi nilikuwa nakuja kutembea wiki mbili tu. Sasa wewe usome, apike nani? Hapana. Nakaa mpaka umalize." Akavaa miwani. "Ni miaka mingapi hiyo?"