Fundi wa Kiyoyozi

"Nimeshasema huingii," alisema mwanamke wa mapokezi. "Labda upite juu ya kichwa changu."

Fundi wa kiyoyozi alishusha ngazi begani, akapangusa jasho. Jasho lilikuwa la kweli; ufundi ndio ulikuwa wa uongo. Ndani ya ovaroli ile ya kuazima alikuwamo mkuu wa teknolojia wa shule zote za wilaya, ambaye walimu walimbatiza Mzee Nywila kwa jinsi alivyowaimbia kwenye semina habari za neno la siri, na za vifaa vinavyolinasa unapoliandika, mpaka masikio yakawauma.

Alikuwa akizijaribu shule zake kimyakimya. Ya kwanza ilimfungulia chumba cha seva kabla hajamaliza salamu. Ya pili ilimfungulia, ikamshikia na ngazi. Habari zilipomfikia Mkurugenzi wa Elimu, mama asiye na mzaha, alimwita na kumpa makavu laivu.

"Matokeo ya mitihani ya watoto wote yamo kwenye huo mtandao wako mpaka tuyatangaze. Shule ya tatu ikianguka, kitengo chako cha mafunzo nakifunga, na wewe utafute kazi nyingine."

Tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Na sasa alikuwa kwenye shule ya tatu, anabanwa mbavu na mwanamke mwembamba aliyekaa nyuma ya meza iliyochakaa. Kompyuta ya mezani nayo ilikuwa imezeeka, ila kibodi yake ilikuwa mpya, inang'aa. Mzee Nywila aliitupia jicho la wivu. Ofisini kwake waliomba kibodi za namna hiyo mpaka wakachoka.

"Dada yangu, kuna joto kali humo ndani," alisema. "Mashine zikiungua, nitasema ni wewe uliyenizuia."

"Sema."

"Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyeniita."

"Mwalimu mkuu yuko kikaoni. Na akiita fundi, mimi najua."

Akabadilisha gia. "Nina mtoto mgonjwa, dada. Bosi akisikia nimerudi na kazi haijafanyika, sina changu."

"Pole, kaka. Mungu amponye. Lakini huingii."

Simu ya mezani ikaanza kulia. Mwanamke akaitazama tu, ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Nikiwa na mtu nisiyemjua mbele yangu, sipokei simu," alisema.

Moyo wa Mzee Nywila uliruka kwa furaha. Hilo hata yeye hakuwahi kulifundisha!

"Andika jina lako na la kampuni yako," mwanamke alimwamuru. Akafungua droo kutafuta kalamu, akakuta vitambaa vya kufumwa. Akafungua nyingine, akaifunga. Mwishowe alitoa kalamu kwenye mkoba wake.

Mzee Nywila hakuweza kujizuia tena. Alivua kofia, akacheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Umeshinda, dada! Mimi si fundi wala nini. Ni mimi, Mzee Nywila, wa semina!"

Alingoja ashtuke, au angalau atabasamu. Mwanamke alimkazia macho kama anavyokaziwa mtu aliyekosea nyumba. Mzee Nywila hakushangaa sana. Siku ya semina ukumbi ulifurika, na waliokaa nyuma waliambulia kuona visogo vya wenzao. Akatoa kitambulisho. Mwanamke alikigeuza huku na huku, akakirudisha.

"Hiki hata mwanangu anaweza kukichapisha."

"Sasa nikuthibitishie vipi?"

Mwanamke akafikiri kidogo. "Kama wewe ndiye mkuu wa mtandao, basi mtandao utakujua. Ingia kwenye akaunti yako hapa, nione. Ukishindwa, namwita mlinzi."

Kwa utaratibu mwanamke alitakiwa apige simu ofisi ya wilaya, aulize. Kosa dogo, Mzee Nywila alijiambia, hilo tutalinyoosha baadaye. Hakuwa na moyo wa kumkatisha tamaa mtu kama huyu. Aliinama juu ya meza, akaanza kuandika. Mwanamke akageuza uso ukutani, mwenyewe, bila kuambiwa, ili asione vidole vyake. Nusura Mzee Nywila amkumbatie.

Ukurasa ukafunguka, jina na cheo chake vikajitokeza.

Mwanamke akasimama kwa heshima. "Nisamehe, mzee. Nilikuwa natimiza wajibu."

"Usiombe radhi hata kidogo! Wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekuwa nalala."

Alitoka na ngazi yake, simu sikioni. "Mama Mkurugenzi, wamefaulu! Tena huyu dada tumzungushe shule zote awafundishe wenzake." Upande wa pili Mkurugenzi alicheka, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu aajiriwe. Njaa ikamrudia palepale. Akaapa kwamba akifika nyumbani mkewe atamkoma.

Nje ya maktaba, kwenye benchi, alikaa mama mmoja mnene akifuma kitambaa. Alipomwona alitupa sindano mapajani, akapiga makofi.

"Haa, Mzee Nywila! Na ovaroli hiyo, ndiyo umepandishwa cheo au umeshushwa?"

Mzee Nywila alicheka. "Umenitambuaje, mama?"

"Nisikutambue, nilikaa mstari wa mbele kwenye semina yako! Mimi ndiye katibu muhtasi wa hapa, wa pale mapokezi." Akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi. "Afadhali umekuja mwenyewe. Hebu niambie, yule dada uliyemtuma ameshamaliza kutengeneza kompyuta yangu nirudi mezani? Na ile kibodi aliyoniletea, ndiyo yangu moja kwa moja?"