Waya Chini ya Kiti

Skrini ya ekskaveta, mtambo wa kuchimba mtaro, iliendelea kudai kwamba mtambo hauna injini, na injini yenyewe ilikuwa palepale nyuma, nzima, bado ina joto. Tunu, fundi umeme wa mitambo, alijua maana yake: kompyuta mbili, ya injini na ya skrini, hazisemezani. Kuna waya umekatika mahali.

"Fundi, huoni wingu hilo?" msimamizi alifoka kutoka mtaroni. Mtaro usipofika mtoni leo, maji yote yatazishukia nyumba za bondeni.

Tunu aliufuata waya kwa vidole, akitafuta ulipolika kwa kusuguana na chuma, maana nyaya za mitambo hufa hivyo. Alipoinua kiti cha dereva, kidole kikazama kwenye pengo. Waya haukuwa umelika. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, kisha ukafunikwa kwa utepe mpya.

Dereva, Mzee Chambuso, alisimama kando ya cheni ya mtambo akiikunjakunja kofia yake.

"Mzee wangu, nani mwingine hukaa kiti hiki?"

Mzee alitazama mbele ya ndoo ya mtambo, penye mawe matatu madogo yaliyopangwa kwa mkono.

"Mwanangu amezikwa pale," alisema. "Hakufikisha hata siku arobaini. Nilimwomba msimamizi apindishe mtaro. Akaniambia mawe ni mawe."

"Fundi! Umeuona ubovu?" msimamizi aliita tena.

Mvua ilianza kudondoka. Tunu aliubandua utepe, akashika ncha moja ya waya kwa mkono huu, nyingine kwa mkono ule, akazisogeza zikakaribiana, akazitenga, akazisogeza tena.