Kichwa cha Mkawasi

Siku hizo setelaiti zinazochunga dhoruba za jua zilirekebishwa kwa kichwa cha mtu. Mitambo ya huko juu huchakaa ikaanza kusema ovyo, kwa hiyo sheria ilitaka pawepo binadamu anayeumwa kichwa kila jua linapochafuka. Hapo Wundanyi binadamu huyo alikuwa Mkawasi, binti wa Mghoi, na dawa za maumivu alikatazwa kabisa.

Mghoi alichoka kumsikia mwanawe akigumia kutwa. Basi asubuhi moja akasaga vidonge viwili alivyopata kwa kificho, akavikoroga kwenye uji wa Mkawasi.

Fundi wa setelaiti alipokuja alimkuta Mkawasi anapepeta mchele huku anacheka.

“Vipi kichwa leo, dada?”

“Kimetulia kabisa. Ukiniimbia nacheza.”

“Mbona mtambo unasema jua limechafuka?”

“Basi mtambo wako mwongo, kaka.”

Fundi akacheka naye. Sheria ilifuata kichwa, haikufuata mtambo. Akabonyezabonyeza mashine yake mpaka mtambo ukakubali kwamba kumetulia, akaaga. Mghoi alimsindikiza hadi barabarani, moyo mweupe.

Jioni dawa ikaisha nguvu. Mkawasi akajibwaga sakafuni, kakamata kichwa, anapiga mayowe. Mghoi akampigia fundi simu.

“Mama, jua limetulia. Mtambo nausoma hapa mbele yangu.”

“Nakwambia mwanangu anakufa!”

“Mwambie aache maigizo, mama. Tumeurekebisha leo hii, kwa kichwa chake mwenyewe.”