Diski ya Nyimbo za Nyanya

Nyumba yetu ya Voi ilijaa wanawake tangu asubuhi, wakingoja kumwimbia Nasima, bibi harusi. Nyimbo zenyewe marehemu nyanya aliniimbia mimi, nikazichapa na kuziweka kwenye diski moja tu. Hakuna mwingine azijuaye, na mimi mwenyewe sikuzikariri.

Diski ilitengenezwa kwa kompyuta za mfumo wa Windows. Kompyuta aliyoleta kaka kutoka chuo ilikuwa ya mfumo mwingine, Linux, haikuitambua. Ikauliza swali refu la Kiingereza.

“Yasemaje?” akauliza shangazi.

“Yauliza kama iitayarishe diski.”

“Si uiambie ndiyo! Watu koo zimewakauka kwa umbea!”

Nikabonyeza. Taa ndogo ya kijani ikawaka, diski ikakoroma. Ndipo nikasoma lile swali mpaka mwisho: kila kilichomo kitafutika.

Taa ikazima.

Shangazi akapiga kigelegele. “Haya mwanangu, tuanzishie!”